Namna ya kumtafuta babu yako kwenye makaratasi, hasa kama ametoka Ugogo

Niliajiriwa masijala mwaka 1987 na nikastaafu 2018. Kwa miaka 31 kazi yangu ilikuwa kupokea barua, kuipa namba, kuiweka kwenye jalada lake na kukumbuka jalada hilo liko rafu ya ngapi. Wiki ya pili baada ya kustaafu, mama yangu aliniita nyumbani kwake Chang'ombe, hapa Dodoma mjini, akanikalisha barazani. "Umetunza makaratasi ya watu mpaka umevaa miwani," akasema. "Ya baba yangu yako wapi?"

Sikuwa na jibu. Tulichokuwa nacho ni kaburi la saruji lililoandikwa 1900–1974, sanduku moja la bati, na maneno ya ukoo kwamba babu alikuwa mtu wa Mvumi, kusini-mashariki ya Dodoma mjini. Leo najua kwamba mwaka ule wa kaburini si sahihi, na kwamba Mvumi babu hakuzaliwa, alifika. Nitaeleza nilivyojua, hatua kwa hatua, ili nawe umtafute wa kwako. Majina ya watu wangu nayaacha. Wengi wenye habari hizi wako hai na si wote walioniruhusu.

Kwanza elewa jambo moja, kwa sababu lilinipotezea mwaka mzima. Maelezo ya kigeni ya kutafuta mababu huanza na jina la ukoo: andika jina, litafute, mtu wako atatokea. Kwetu jina la pili ni jina la baba tu. Mtoto wa Petro anakuwa fulani Petro, na mtoto wa huyo fulani hana tena Petro mwisho wa jina lake. Halafu wajukuu hurithi majina ya babu zao, kwa hiyo kijiji kimoja kinaweza kuwa na watu watatu wenye majina mawili yaleyale kwa wakati mmoja. Ukifuata jina peke yake utafika, ila utafika kwa mtu mwingine. Mtu wetu anatambulikana kwa mambo matatu: mama yake ni nani, alikaa wapi, na nani walisimama naye siku ya ubatizo, ya ndoa, ya mahari na ya msiba.

Anza na sanduku

Kila nyumba ya wazee ina sanduku, mkoba au bahasha ya kaki iliyofichwa chini ya godoro. Omba ruhusa, fungua mbele ya mwenyewe, na usibadilishe mpangilio kabla hujaupiga picha. Mpangilio wenyewe ni habari. Kwenye sanduku la babu, kadi ya TANU ilikuwa imekunjwa pamoja na risiti za kodi, na kitambulisho cha kazi ya reli kilikuwa peke yake ndani ya kitambaa. Hapo nilijua kipi alikithamini.

Tafuta vitu hivi: cheti cha ubatizo au cha ndoa, risiti za kodi ya kichwa, kadi za chama, kadi za kliniki za watoto, barua, kitambulisho cha kazi, kipande, yaani kadi ya kazi, cha shamba la mkonge kama alikwenda manamba, na picha za studio. Picha igeuze. Nyuma mara nyingi kuna muhuri wa studio na mji, na pengine maneno ya penseli. Risiti ya kodi usiidharau hata kama imebaki robo, maana inaonyesha mwaka na mahali alipohesabiwa kuwa mkazi, na hiyo ni thuluthi moja ya utambulisho wake.

Tafadhali usilaminishe kitu chochote. Najua watu wanapenda, na vibanda vya kulaminisha viko kila kona ya mji. Joto lile na gundi ile vinaipika karatasi ya zamani, na haitoki tena. Selotepu nayo inaacha doa la kahawia lisilofutika. Piga picha kwa simu kivulini mchana, bila mwanga wa kamera, mbele na nyuma, kisha karatasi iweke kwenye bahasha safi mahali pakavu pasipo na mchwa.

Halafu ipe namba. Mimi nilinunua kauntabuku, nikaandika kama nilivyozoea kazini: Kumb. Na. 1, ni kitu gani, kina tarehe gani, nimekitoa kwa nani, nimekiona lini. Huu si urasimu. Baada ya miaka miwili utakuwa na vipande sitini na utasahau kama habari ya dada yake ilitoka kwa mjomba au kwa mchungaji.

Wazee: uliza ng'ombe, usiulize mwaka

Kosa la wengi ni kufika kwa mzee na kumwuliza, "Babu alizaliwa mwaka gani?" Atakupa mwaka wowote ili asikuvunje moyo. Muulize mambo aliyoyaona au aliyoyasikia yakisimuliwa: reli ilikuwa imefika? Vita ya Mjerumani ilikuwa imeanza? Alikuwa anachunga ndama au alishakabidhiwa ng'ombe wakubwa? Aliingia jando na kina nani? Majibu hayo utayageuza kuwa miaka ukiwa nyumbani.

Kwa Dodoma na majirani zake mimi natumia nguzo hizi. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na Tabora 1912. Waingereza waliingia Dodoma mwishoni mwa Julai 1916. Baada ya hapo ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Ilianza kama 1917 na ubaya wake mkubwa ulikuwa 1918 na 1919, baada ya majeshi ya pande zote mbili kuchukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakataa. Mradi wa karanga wa Kongwa ulianza 1947 na kuachwa 1951. Uhuru 1961. Utemi ukafutwa 1963. Operesheni Dodoma, watu walipohamishiwa vijijini, 1970 na 1971. Mwaka 1973 ikatangazwa kwamba makao makuu yanahamia Dodoma. Katikati ya miaka ya 1970 kuna unga wa njano uliotoka nje, watu wakauita wa Yanga. Mzee akikwambia "nilikuwa nimeolewa kabla ya karanga", amekupa tarehe nzuri kuliko cheti.

Na ng'ombe. Ndugu yangu, hapa ndipo utajiri ulipo. Mahari ya Ugogo haikuwa mali ya baba na mtoto wake tu. Ng'ombe walichangwa na ndugu wa pande nyingi, na waliopokelewa waligawanywa, mjomba akiwa na fungu lake. Kwa hiyo ukijua nani alitoa ng'ombe na nani alipewa, umeshapata ramani ya undugu, na wazee hawasahau ng'ombe. Mzee mmoja wa Mvumi, ambaye hakuweza kuniambia hata mwaka aliozaliwa yeye mwenyewe, alinihesabia kwa vidole ng'ombe wa mahari ya babu yangu kana kwamba wamesimama mbele yake. Wengi walitoka kwenye zizi la mama mmoja wa palepale Mvumi. "Lakini yule mwekundu mwenye baka jeupe ubavuni," akasema, "aliletwa na mtu mmoja wa Bahi. Alikuja kwa miguu, akalala siku moja, akarudi." Nikamwuliza mtu huyo alikuwa nani. "Walimwita mjomba wake."

Kaa kidogo na jambo hilo. Ukoo wetu wote ulisema babu ni wa Mvumi. Sasa mjomba wake, yaani ndugu wa mama yake, anatoka Bahi, upande wa pili wa Dodoma, magharibi, kwenye mbuga. Hakuna karatasi iliyowahi kuniambia hivyo. Ng'ombe mmoja ndiye aliyeniambia.

Nenda kiangazi, kuanzia Juni, mavuno yakiwa ghalani. Ukienda Januari utamkuta mzee shambani, na hata akikupokea, moyo wake uko kwenye palizi. Chukua sukari, sabuni, majani ya chai. Mwamkie kwa lugha yake kama unaijua. "Mbukwa" moja inafungua mlango ambao barua ya mtendaji haifungui. Omba ruhusa kabla ya kurekodi kwa simu, na akikataa, andika kwa mkono. Mwache aseme Kigogo, na wewe uandike Kigogo hichohicho. Tafsiri ya haraka hupoteza maneno ya undugu. Na katika daftari tenganisha aliyeona na aliyesikia. Mimi naweka herufi pembeni, O au S.

Kuna maswali yatakayomnyamazisha. Njia kuu ya misafara ilipita katikati ya Ugogo, na zipo familia zenye mtu aliyeachwa, aliyewekwa rehani kwa nafaka, au aliyenunuliwa. Akinyamaza, nyamaza naye. Zungumzeni mambo mengine, urudi mwaka unaofuata.

Vitabu vya makanisa

Wengi waliozaliwa bara kabla ya uhuru hawakusajiliwa na serikali. RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, itakusaidia kwa watoto na wajukuu, kwa vyeti vya vifo vya karibuni na mirathi, ila kwa mtu wa 1905 usitegemee. Kwa familia ya Kikristo, kitabu cha ubatizo ndicho cheti cha kuzaliwa.

Waanglikana wa CMS, chama cha wamisionari wa Uingereza, walifika Mpwapwa tangu miaka ya 1870, na Dayosisi ya Central Tanganyika ilianzishwa 1927. Upande wa Katoliki, Bihawana na Kondoa ni misheni kongwe. Hapa ujue kwamba parokia huzaa parokia na dayosisi huzaa dayosisi, lakini kitabu cha zamani kwa kawaida hubaki kwa mama. Usiulize kanisa lililo karibu na kijiji leo. Uliza kanisa hilo lilitoka kwa lipi, na hilo lilitoka kwa lipi. Mipaka ya serikali ni hivyohivyo. Bahi na Chamwino zilikuwa Wilaya ya Dodoma, Kongwa ilikuwa Mpwapwa, Chemba ilikuwa Kondoa, na Manyoni, ambayo leo ni Singida, ilikuwa nasi katika Jimbo la Kati.

Kwa Mkatoliki, cheti chochote cha sakramenti kina namba ya ubatizo, ile L.B. Ukiwa nayo, paroko anafungua ukurasa moja kwa moja. Na pembeni ya ukurasa huo huandikwa kipaimara na ndoa, pamoja na mahali zilipofanyika, kwa hiyo mstari mmoja unaweza kukufuatia mtu kutoka Kondoa mpaka Morogoro. Vitabu vya zamani viko kwa Kilatini, lakini maneno ni machache: natus ni alizaliwa, pater baba, mater mama, patrinus msimamizi, na circa, au c. tu, maana yake ni kama, kwa kukisia.

Kama familia ni ya Kiislamu, kama wengi wa Kondoa, anza na vyeti vya ndoa na talaka, waliosimama kuwa mashahidi, na nasaba inayotajwa kwenye hitima na maulidi ya nyumbani. Mwalimu mzee wa madrasa anajua wanafunzi wa mwalimu wake. Nimeona binti mmoja akipata vizazi vitano kwa njia hiyo bila kugusa ofisi yoyote.

Nenda kwa mchungaji au paroko na barua fupi: jina lako, unamtafuta nani, miaka ipi, kwa sababu gani. Usiende Jumapili. Nawa mikono, ikaushe, geuza ukurasa kutoka kona ya juu, na usilowanishe kidole kwa mate. Kuna parokia moja, siitaji, niliyofika nikakuta mchwa wamekula juzuu tatu kutoka mgongoni kwenda ndani. Ukurasa ulibaki na katikati tu, kama kipande cha mkate. Nililia pale ofisini. Kwa sababu hiyo nakuomba, ukipewa ruhusa ya kupiga picha ukurasa wa babu yako, omba upige na kurasa za jirani, kisha mwachie mchungaji nakala.

Tahajia nayo itakusumbua. Chi ya Kigogo huwa Ki mwandishi akiwa Mswahili, au Ci akiwa mmisionari. R na L hubadilishana. Mpwapwa yenyewe Wajerumani waliiandika Mpapua, na kwenye baadhi ya karatasi utaikuta Mpapwa. Soma kwa sauti, usisome kwa macho tu. Sikio litalijua jina ambalo jicho limelikataa.

Babu yangu nilimpata kwenye kitabu cha ubatizo wa watu wazima cha mwaka 1922. Wino ulikuwa mweusi zamani, sasa ni rangi ya chai. Kitabu cha watu wazima kina uzuri wake: kina safu ya jina la kabla ya ubatizo, kwa hiyo jina lake la Kigogo, ambalo hata mama yangu hakuwahi kulisikia, lilikuwa pale. Umri: 15, na alama ya kuuliza mbele yake. Mahali: Mvumi. Jina la baba limeandikwa. Jina la mama ni kistari. Karani alichora kistari kifupi, akasogea safu inayofuata. Mashahidi wawili, mmoja wao mwanamke, na jina la mwanamke huyo nikalikuta tena kwenye kitabu cha ndoa cha 1931, amesimama siku babu anaoa.

Mtu aliyekuwa si wangu

Kabla sijafika kwenye kitabu hicho nilishakwenda Dar es Salaam, Upanga, kwenye Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Ni mahali pa kwenda, wala usiogope. Piga simu kwanza uulize utaratibu na ada, nenda na kitambulisho na barua ya utambulisho, na beba penseli, kwa sababu kwenye chumba cha kusomea kalamu ya wino haitakiwi. Majalada ya Mwingereza yamepangwa kwa jimbo na wilaya, kwa hiyo ingia na jina la wilaya ya wakati ule na miaka, usiingie na jina la mtu. Omba vitabu vya wilaya, ambamo mabwana shauri, maofisa wa Kiingereza wa wilaya, waliandika habari za watemi, wanzagila (wakuu wadogo chini ya mtemi), mipaka na njaa. Omba majalada ya mabaraza, kodi, na kazi. Ya Mjerumani yapo pia, lakini ni Kijerumani cha mwandiko wa zamani, tafuta msomaji.

Majalada ya kesi za mifugo na mahari ni hazina. Mtu anayedai ng'ombe hutaja baba, kaka, mjomba, shemeji, na kila mmoja hutaja wake. Na humo ndimo nilimopata, kwenye kesi ya mwaka 1934, majina mawili ya babu yangu, neno kwa neno, ya mtu wa tarafa ileile. Nilifurahi kupita kiasi. Nikaandika kurasa kumi na mbili, nikamsomea mama, nikawaambia ndugu kwamba babu alishinda kesi ya ng'ombe sita.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Nani waliitwa kutoa ushahidi?" Nikatazama nakala. Wa pili kwenye orodha alikuwa mama yake mdaiwa, yaani yule niliyemdhania babu. Mama akatikisa kichwa. "Baba yangu hakuwa na mama mwaka huo. Alikuwa akisema mama yake ameliwa na Mtunya." Maneno hayo alikuwa nayo tangu utotoni, na mimi sikuwa nimewahi kumwuliza, kwa sababu nilikuwa natafuta jina.

Kurasa zile sikuzichana. Nilizipa namba na kuandika juu yake kwa wekundu: MTU MWINGINE. Nawe fanya hivyo, maana baada ya miaka mitano mjukuu wako atalikuta jalada lilelile na kufurahi kama mimi. Tangu siku hiyo sikubali karatasi yoyote kuwa ya babu mpaka mambo mawili kati ya yale matatu, mama, mahali na mashahidi, yakubaliane na ninayoyajua, na la tatu lisipingane.

Miaka mitatu ya kuzaliwa

Kaburi lasema 1900. Kitambulisho cha reli cha 1949 chasema 1912. Kitabu cha ubatizo, 15 mwaka 1922, kinaleta 1907. Ufanyeje?

Uliza kila karatasi iliandikwa na nani, lini, na kwa haja gani. Mwaka wa kaburini uliandikwa na fundi saruji 1974, kwa kuambiwa na wajomba waliokuwa kwenye msiba. 1900 ni namba ya mviringo, maana yake "zamani sana". Kitambulisho kilitolewa na Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa 1948, na kazi ya babu ilikuwa kwenye genge la kurekebisha njia, Kikombo, kunyanyua mataruma kwa mikono. Kazi hiyo walitaka vijana. Mtu wa miaka arobaini na kitu akijiita wa 37 nitamwelewa. Kitabu cha ubatizo kiko karibu zaidi na tukio, lakini kina alama ya kuuliza, na kijana aliyetoka kwenye njaa huonekana mdogo kuliko umri wake.

Kisha kuna simulizi. Babu alimwambia mama yangu kwamba alipokuwa akichunga ndama aliona watu wakichimba tuta la reli, naye aliwafuata mpaka ndama wakapotea, akapigwa. Ndama huchungwa na watoto wadogo, karibu na kaya, kama miaka mitano mpaka minane. Reli ilitoka Dodoma kwenda Tabora kati ya 1910 na 1912, na ilipita Bahi. Mvumi iko mbali na tuta. Kwa hiyo alizaliwa kama 1902 mpaka 1907, na yule ng'ombe mwekundu wa Bahi anapata shahidi wa pili. Nimeandika "kati ya 1902 na 1907" na nimeacha hivyo. Usilazimishe mwaka mmoja ili fomu ijae.

Fuata waliosimama naye

Nilirudi Mvumi na jina la yule mwanamke shahidi. Mimi naliita hili kumfuata msimamizi, na kama una siku moja tu ya kutafuta, itumie hapa. Mtu aliyesimama na yatima kwenye ubatizo, akasimama naye tena miaka tisa baadaye kwenye ndoa, na ng'ombe wa mahari wakatoka zizini kwake, huyo ndiye aliyemlea. Na wazao wake wana habari ambazo wazao wako hawana.

Binti yake alikuwa hai, bibi wa miaka tisini na kitu, macho yamefifia. Nilimwamkia, nikakaa chini kwenye mkeka, nikataja jina la babu la Kigogo, lile la kitabuni. Alinishika mkono, akaupapasa mpaka kiwiko. Akaniambia aliyoyasikia kwa mama yake, nami nikaandika S pembeni: kwamba wakati wa Mtunya kijana alifika kwao jioni, amebeba kibuyu kitupu, hawezi kusema. Walimpa uji wa uwele kidogo kidogo, kwa kijiko, siku tatu, kwa sababu waliokula wakashiba mara moja walikufa. Alipoweza kusema, alisema mama yake amebaki njiani, na kwamba kabla ya hapo walipita Saranda, upande wa Manyoni, na huko dada yake mdogo aliachwa kwa watu waliowapa mtama.

Mama yangu hakujua kwamba ana shangazi. Nilipomweleza alikaa kimya, kisha akaomba nimsomee tena, polepole.

Mwaka jana nilikwenda Bahi na vijana wawili wachunga ng'ombe kutafuta mahame. Karatasi za kabla ya 1970 zinataja mahali ambapo leo hapana watu, kwa sababu Operesheni iliwahamisha. Kwa hiyo usitafute kijiji, tafuta kilichobaki. Wachunga ng'ombe wanajua. Angalia minyaa iliyopandwa kwa mstari, maana porini haijipangi. Angalia mwinuko mdogo wa udongo wa pembe nne, ambapo nyumba ya tembe ilianguka juu ya kuta zake. Angalia jiwe la kusagia. Tulilikuta moja chini ya mbuyu, limelika katikati kama bakuli, limejaa majani makavu. Nilipiga picha, nikahifadhi alama ya mahali kwenye simu, nikaandika majina ya vijana walionipeleka. Kama ni kaya ya babu au ya jirani yake sijui, kwa hiyo sijaandika kwamba ni yake. Nimeandika: mahame, upande ambao mjomba alitoka.

Kiangazi kijacho naenda Saranda. Nitaanza kwa wazee wa karibu na stesheni, nitawauliza kuhusu mahari: ni binti gani aliolewa kutoka kaya yao miaka ya baada ya vita ya Mjerumani ambaye ng'ombe wake hawakuwa na mjomba wa kupokea fungu. Karatasi yake nimeshaiandaa, Kumb. Na. 61. Juu nimeandika kwa penseli: dada wa babu, aliachwa Saranda wakati wa Mtunya. Chini yake kuna mstari wa jina la mama yake, na huo nimeuacha wazi.